Akili ikiyumba Mwanza: kwa mganga, kwenye maombi, kituo cha afya au Bugando?

Ndugu akianza kuongea peke yake, akikesha anazunguka uani, au akijifungia ndani wiki nzima bila kuoga, mtaa mzima hugeuka washauri. Mmoja atakuelekeza kwa mtaalamu wake huko Magu. Mwingine ana mkesha wa maombi Ijumaa hii hii. Wa tatu atasema usipoteze muda, panda naye Bugando. Wote wana nia njema, na kila mmoja ana mtu wake aliyepona huko anakokusifia. Hapa nazipanga njia hizo pamoja kwa ajili ya mtu wa Igoma, Sengerema, Ukerewe au Misungwi ambaye ana mgonjwa ndani na nauli ya safari moja au mbili tu.

Msimamo wangu nausema mapema. Mahali pa kuchagua ni pale utakapoweza kurudi mwezi ujao, na mwezi wa pili yake, mpaka mwaka uishe. Hospitali yenye jina kubwa uliyofika mara moja ukaishia hapo haimfai mgonjwa kuliko zahanati inayokujua kwa sura na kukupa dawa kila mwezi. Mengine yote nitakayoyasema yanaizunguka hoja hiyo.

Wasiosubiri kuchaguliwa njia

Kuna wagonjwa ambao kwao hakuna cha kulinganisha. Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo ana homa na anaweweseka, hajui kama ni asubuhi au jioni, apelekwe hospitali iliyo karibu sasa hivi. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla naye yumo humo: mara nyingi kuna ugonjwa wa mwili nyuma yake, hata maambukizi ya mkojo yanaweza kumfanya asiwatambue wanawe. Kwa hawa, mganga na mkesha wa maombi vinakula saa ambazo hazirudi.

Mama aliyejifungua karibuni, akaacha kulala kabisa, akaanza kusema mtoto si wake au kusikia sauti, naye ni wa dharura. Hali hii huanza zaidi ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya uzazi, na inatibika vizuri sana ikiwahiwa. Asiachwe peke yake na mtoto, hata kwa muda wa kwenda kisimani.

Halafu kuna mnywaji wa kila siku aliyeacha gongo ghafla. Siku ya pili au ya tatu anatetemeka, anatoka jasho, anaona wadudu ukutani, pengine anapata degedege. Ndugu husema pombe imemharibu akili, kumbe ni kuacha kwa ghafla ndiko kunakomtesa, na kunaweza kumuua. Anahitaji dawa na dripu, wala si nasaha.

Na anayesema hataki kuishi, muulize waziwazi kama ana mpango wa kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi hupumua wakiulizwa. Ondoa nyumbani sumu ya pamba, kamba na akiba ya vidonge, kisha mtafutie huduma siku hiyo hiyo. Hofu ya polisi isikucheleweshe.

Wasiokuwa katika makundi haya, na asiyekataa chakula na maji wala kutishia wenzake, kwao una siku chache za kufikiri.

Mganga na maombi, ukivipima na kliniki

Usukumani huwezi kuzungumzia maradhi ya akili ukamruka mganga. Familia nyingi hufika hospitali zikiwa zimeshapita kwake, na hazikwenda kwa ujinga. Mganga yuko karibu, anaongea Kisukuma, na anaweza kukaa nusu siku akisikiliza nani kagombana na nani, shamba limegawanywaje, ni matambiko gani yamesahauliwa. Daktari mwenye foleni inayofika mlangoni hana nusu siku. Mganga pia hujibu swali linalowauma ndugu kuliko yote: kwa nini yeye, na kwa nini sasa? Hospitali kwa swali hilo ina jibu lisilo na ladha: urithi kiasi, misukosuko ya maisha kiasi, bangi huenda ikachangia, na sehemu iliyobaki hakuna anayeijua. Kanisani na msikitini mgonjwa anatajwa kwa jina lake, watu wanamshika mkono, na mama yake hakai peke yake na aibu. Si vitu vidogo.

Kwa hiyo, kwa majonzi ya msiba, ugomvi wa ukoo, au mtu aliyelemewa na maisha lakini bado anakula, analala na kufanya kazi, sioni kosa mtu akianzia huko.

Mambo hubadilika ikija kwenye skizofrenia, baipola na sonona kali. Skizofrenia ndiyo ile ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwamba majirani wanakufuatilia au redio inakusema wewe, huku mtu akijitenga na kujisahau. Huanza zaidi tangu ujana hadi miaka ya thelathini mwanzoni. Baipola ina pande mbili. Upande wa juu mtu analala saa mbili na hachoki, anaongea hadi anakatiza watu, anagawa pesa, anatangaza biashara tano kwa siku moja. Upande wa chini ni sonona yenyewe, yaani kukosa furaha na hamu ya kila kitu kwa wiki nzima nzima. Magonjwa haya hupanda na kushuka. Kipindi cha juu cha baipola kinaweza kuisha baada ya wiki au miezi hata pasipo dawa. Wako pia watu wanaochanganyikiwa kwa muda mfupi mara moja tu maishani, wakapona, isiwarudie tena. Sasa yeyote utakayemkuta wakati hali inashuka ndiye atakayebeba sifa, awe mganga, mchungaji au daktari. Ushuhuda wa "wiki ya tatu alikuwa mzima kabisa" haunitoshi kwa sababu hiyo. Nataka kusikia yuko vipi baada ya mwaka.

Dawa za hospitali kwa magonjwa hayo zina ushahidi ambao mizizi na maombi havina. Klorpromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, haloperidoli ikafuata mwaka 1958, na tangu hapo zimepimwa kwa watu wengi mno: hupunguza sauti na mawazo yale, na mgonjwa anayeendelea nazo anarudiwa mara chache kuliko anayeziacha. Hilo ndilo zinalofanya. Hazimalizi aibu wala hazipatanishi ukoo, na anayezitegemea kwa hilo atakata tamaa.

Je, vinaweza kwenda pamoja? Ndiyo. Utafiti uliofanyika Ghana na Naijeria, uliochapishwa mwaka 2020, uliwafuatilia wagonjwa waliokuwa kwa waganga na kwenye nyumba za maombi. Wale ambao wahudumu wa afya waliwafuata huko huko, wakishirikiana na mganga au mchungaji, walikuwa na nafuu zaidi baada ya miezi sita kuliko walioachwa na utaratibu wa kawaida. Basi kama baba mkubwa ameshaamua na wewe ni mdogo, usivunje kikao cha ukoo kwa kubishana. Omba kitu kimoja tu: dawa za kliniki ziendelee, na kama kuna mitishamba ya kunywa, daktari ajulishwe.

Lakini kuna mambo ambayo mtu akiyafanya, nyanyua mgonjwa wako muondoke. Kumfunga minyororo au kamba. Kumchapa ili pepo litoke. Kumlazimisha kufunga mtu ambaye tayari amekonda. Kumwambia aache vidonge ili kuonyesha imani. Na la mwisho, ambalo kwa kanda yetu ndilo zito: kutaja jina la mtu. Ramli ya kusema shangazi fulani ndiye aliyemroga imeshawaua vikongwe wengi Usukumani, kina mama ambao macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni tu. Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na waganga husajiliwa. Ramli chonganishi haimo katika kazi waliyosajiliwa kuifanya. Mganga anayekutajia jina anakuachia ugonjwa ule ule na msiba wa pili juu yake.

Kituo cha afya, Sekou Toure, Bugando au Mirembe?

Hapa watu wengi huruka ngazi. Wanatoka Buchosa na mgonjwa mmoja na ndugu wanne, wanapita vituo vyote njiani kwa sababu "huko hawana wataalamu", wanakwenda kusimama foleni mlimani Bugando. Wakati mwingine ni sawa. Mara nyingi siyo.

Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda, ipo tangu mwaka 1971, na inahudumia Kanda ya Ziwa. Faida yake iko kwenye kutambua ugonjwa uliokataa kueleweka: kifafa kilichojificha kwenye tabia za ajabu, uvimbe kichwani, mgonjwa ambaye dawa mbili zimeshindwa, mjamzito mwenye baipola, mtu mwenye ugonjwa wa akili pamoja na figo au moyo. Huko utakuta madaktari bingwa wa fani nyingi kwenye jengo moja. Hasara yake ni umbali, foleni, na kwamba ukishakwenda bila barua ya rufaa, bima inaweza kukusumbua na historia yako inaanza upya.

Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, iko katikati ya mji. Kwa mtu wa Nyamagana au Ilemela ambaye ugonjwa wake unajulikana na dawa zimeshampata, sioni sababu ya kuiruka. Hospitali za wilaya vilevile: mtu wa Ukerewe ana hospitali ya wilaya Nansio. Anaweza kuvuka ziwa mara moja kwa ajili ya uchunguzi Mwanza, kisha akaendelea Nansio, badala ya kufunga safari ya meli kila mwezi hadi nauli imshinde akaacha. Anayetoka kisiwa cha Ukara ana maji mawili ya kuvuka kabla hajafika Mwanza. Kwake hoja hii ndiyo yote.

Kwa watu wa Sengerema na Geita hesabu imebadilika. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa mwaka 2025, na ile kazi ya kumtuliza mgonjwa aliyechangamka kwenye foleni ya kivuko, watu wakimtazama na watoto wakimcheka, imepungua. Mgonjwa wa aina hiyo sasa unaweza kumfikisha Mwanza kwa gari moja.

Zahanati na kituo cha afya watu huvidharau kupita kiasi. Ni kweli huwezi kumkuta daktari bingwa wa akili hapo, na dawa huisha. Lakini mhudumu wa pale anaweza kupima malaria na sukari, kuandika rufaa, kuchoma sindano ya mwezi iliyoandikwa na mkubwa wake, na kumwona mgonjwa akianza kuteleza kabla hajafika pabaya. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2008 lina mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa kutibu sonona, kifafa na kuchanganyikiwa, kwa sababu mabingwa hawatoshi katika nchi nyingi za Afrika. Ukienda, usiulize "mna daktari wa akili?" Uliza "nani hapa anashughulikia wagonjwa wa akili na kifafa, na siku yake ni ipi?" Mara nyingi yupo mmoja, muuguzi au tabibu, na wagonjwa wake wana siku yao.

Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na Isanga iliyo chini yake hupokea wenye kesi mahakamani. Usianzie huko. Mtu wa Mwanza hupelekwa Dodoma kwa sababu maalumu, na mara nyingi rufaa ndiyo inayomfikisha. Mgonjwa aliyetengwa na ndugu kwa umbali huo anarudi nyumbani kwa watu waliokwisha kuzoea kuishi bila yeye.

Jambo moja linalowakasirisha wengi katika ngazi zote: "Hawakumpima!" Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha skizofrenia, wala picha ya kichwa inayoonyesha sonona. Daktari anatambua kwa kusikiliza, kutazama na kuwauliza ndugu. Damu hupimwa ili kuondoa mengine: malaria, VVU, kaswende, sukari, tezi ya shingo. Picha ya kichwa inahitajika kama kulikuwa na degedege, ajali ya kichwa, udhaifu wa upande mmoja, au kama hali imeanza umri wa makamo au uzeeni bila historia yoyote. Anayekudai kipimo cha gharama kubwa kwa kila mgonjwa, muulize anatafuta nini hasa.

Vidonge au sindano ya mwezi?

Hili halizungumzwi vya kutosha, na kando ya ziwa ndilo linaloamua kama mtu atabaki mzima.

Vidonge vina faida moja kubwa: vinarekebishika. Dozi ikiwa kali unapunguza, dawa ikimkataa unaibadilisha. Hasara ni kwamba vinamezwa kila siku na mtu ambaye mara nyingi haamini kwamba anaumwa. Wengine huvificha chini ya ulimi. Sindano ya muda mrefu, kama ile ya flufenazini, huchomwa kwenye msuli kila baada ya wiki tatu au nne hivi na kujitoa taratibu mwilini. Hakuna ugomvi wa kila asubuhi. Lakini ikishaingia haitoki mpaka muda wake uishe, ndiyo maana daktari mzuri humjaribisha vidonge kwanza aone kama mwili unaikubali.

Sasa fikiria mvuvi wa dagaa. Kazi yake ni usiku wa giza, taa zikiwa juu ya maji; mbalamwezi ikija, kambi inapumzika. Niliwahi kumsikia muuguzi akizungumza na mama mmoja aliyekuja na kijana wake kutoka kambini.

"Mama, mwezi uliopita mbona hamkuonekana?"

"Mwanangu nesi, giza lilikuwa zuri. Dagaa wenyewe ndiyo nauli."

"Basi tarehe tuipange mbalamwezi."

"Mbalamwezi sawa. Hapo hata kama anakataa, kaka zake wapo nchi kavu, watamleta."

Kalenda ya kliniki ilikuwa ikisema Jumanne ya kwanza ya mwezi. Muuguzi akaikata kwa kalamu, akahesabu mwezi mwandamo. Sindano ya wiki nne na mzunguko wa mwezi vinapishana siku moja na nusu hivi, tofauti inayovumilika. Hesabu hiyo haiko kwenye mwongozo wowote, na kwa kijana yule ilikuwa na maana kuliko kubadilisha dawa.

Kwa mwenye baipola, kazi ya usiku yenyewe ni hatari, kwa sababu kukosa usingizi kunaweza kuamsha kipindi cha juu. Kama anaweza kuhamia kwenye kuanika, kupakia au kuuza kwenye soko la samaki la Mwaloni, ahamie. Anayeanika dagaa akiwa anatumia klorpromazini, ngozi yake inaungua jua upesi kuliko ya mwenzake. Avae kofia na mikono mirefu, au aombe dawa nyingine. Na dawa yoyote inayoleta usingizi, asipande nayo mtumbwini siku za mwanzo.

Kuna madhara ambayo watu hawaelezwi mapema, nayo ndiyo yanayowarudisha wengi kwa mganga. Siku ya pili ya haloperidoli, hasa kwa kijana wa kiume, shingo inaweza kupinda upande mmoja, taya likakaza, ulimi ukatoka, macho yakapanda juu yakabaki huko. Anaona, anasikia, hawezi kuyashusha. Nyumba nzima inapiga kelele: jini limepanda! Au: hospitali imemuua! Ni dawa. Mpeleke kituo chochote cha afya kilicho karibu na umwambie mhudumu jina la dawa aliyopewa; kuna sindano ya kuondoa ukakamavu huo, na kwa kawaida ndani ya nusu saa shingo imenyooka. Baada ya hapo dozi hupunguzwa, au huongezwa benzeksoli, kidonge cha kuzuia ukakamavu huo, au dawa hubadilishwa. Risperidoni na olanzapini, dawa mpya zaidi, hukakamaza mara chache kuliko haloperidoli, ila olanzapini huongeza uzito na inaweza kupandisha sukari, na mara nyingi bei yake ni kubwa kuliko hizi za zamani. Mimi ningekubali dawa ya zamani inayopatikana wilayani kwangu kila mwezi kuliko mpya ninayoifuata mjini kwa kubahatisha.

Kwa baipola, lithiamu inajulikana tangu mwaka 1949, lakini inataka damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru pana nafasi nyembamba. Kuharisha au kutoka jasho jingi kunaweza kuipandisha mwilini. Kama kipimo hicho hakipo karibu nawe, lithiamu si chaguo lako. Valproeti, dawa nyingine ya baipola, hudhuru mimba. Msichana au mama anayeweza kushika mimba asipewe kabla hayajazungumzwa hayo. Kabamazepini, nayo ya baipola, hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, na hugongana na baadhi ya ARV. Sema unachotumia, hata kama dada wa mapokezi anasikia.

Sonona: dawa au mazungumzo?

Sonona huku kwetu haiji ikisema "nina huzuni". Inakuja na kichwa kizito, moyo kwenda mbio, mwili kuwaka moto, usingizi kukatika saa tisa usiku, na "mawazo mengi". Mtu anapimwa taifodi, anapewa dawa, anapimwa mkojo, anapewa dawa, anarudi vilevile. Kama amekosa furaha au hamu ya mambo yote kwa wiki mbili au zaidi, hali chakula vizuri, halali, anajiona hana maana, hapo ndipo pa kuuliza juu ya sonona.

Kwa sonona ndogo na ya kati, mazungumzo yaliyopangwa vizuri yanashindana na vidonge. Mfano wa karibu uko ng'ambo ya mpaka wa Kagera, Rakai na Masaka nchini Uganda. Vijiji 30 viliingia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003: wenyeji wasio madaktari walifundishwa kuongoza vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, wakakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Walizungumza mambo kama msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Sonona ilishuka sana kwa waliokuwa kwenye vikundi kuliko kwa wasiokuwa. Zimbabwe nako bibi waliofundishwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha matokeo mazuri. Zanzibar imeuchukua mfumo huo. Hakuna hata mmoja wa bibi hao aliyesomea saikolojia chuo kikuu.

Kwa hiyo usivunjike moyo ukikosa mwanasaikolojia. Uliza kituoni au ofisi ya ustawi wa jamii kama kuna mtu aliyefundishwa ushauri. Wale waliofundishwa ushauri wa VVU mara nyingi wanajua kusikiliza. Kikoba chenye siri na mwenyekiti mwenye busara kinaweza kuwa nusu ya tiba. Kikoba chenye umbea, hapana.

Sonona kali, ya kutokula, kutoinuka kitandani au kutaka kufa, inahitaji dawa, na ikiwezekana mazungumzo juu yake. Amitriptilini ni rahisi kupatikana, inasaidia usingizi, lakini inakausha mdomo, inafunga choo, na ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua. Kwa anayewaza kujiua, vidonge vikae kwa mtu mwingine, au daktari aandike fluoksetini, ambayo hatari yake kwa hilo ni ndogo. Zote huchukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona tofauti, na wengi huacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi. Akipata nafuu aendelee miezi 9 hadi 12. Na kabla hajaanza, mwambieni daktari kama aliwahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi. Dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha mwenye baipola upande wa juu.

Kulazwa au kubaki nyumbani?

Hapa sina maneno mengi. Alazwe kama ni hatari kwake au kwa wengine, kama hali wala hanywi, au kama nyumbani hakuna mtu mzima wa kukaa naye. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mgonjwa kulazwa bila hiari kwa utaratibu maalumu, kwa hiyo usimdanganye kwamba mnakwenda harusini. Atakumbuka, na safari ijayo hatapanda gari. Wengine wote hupona vizuri zaidi nyumbani, wakiwa na kazi ndogo ya mikono na saa ya kulala inayojulikana.

Popote utakapoanzia, usitoke dirisha la dawa kabla hujajua mambo haya: jina la ugonjwa wanaoudhani, jina la dawa na dozi yake, madhara ya wiki ya kwanza, na ni kituo gani karibu na kwako kina dawa hiyo. Piga picha karatasi kwa simu, maana madaftari ya kliniki hulowa. Kama hela haipo, muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali habari za msamaha kabla ya kuacha dawa. Omba barua ya kumrudisha mgonjwa kituoni kwenu, yenye tarehe ya sindano inayofuata. Kwa aliyechanganyikiwa mara ya kwanza, dawa huendelea angalau mwaka mzima baada ya kupata nafuu, na siku ya kuacha hupangwa na aliyeziandika, kwa kupunguza kidogo kidogo.